Kuwafunza wauguzi na wakunga kuandika dawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakufunzi wanaoandaa kozi, wasimamizi watakaowapokea wanafunzi wodini na kliniki, na wauguzi na wakunga wanaotaka kujua kozi yenyewe inadai nini. Dozi zilizotajwa ni mifano ya kufundishia. Kazini unafuata mwongozo wa matibabu wa nchi yako.

Kuandika dawa kuna tofauti gani na kutoa dawa?

Anayetoa dawa anahakikisha mgonjwa sahihi amepata dawa sahihi, kwa kipimo, njia na wakati sahihi. Uamuzi kwamba dawa inahitajika ulishafanywa na mwingine. Anayeandika ndiye aliyeamua: ameuliza historia, amempima mgonjwa, amelitaja tatizo, ameona dawa itafaa kuliko kuacha, amechagua moja kati ya kadhaa, na anabaki na jukumu la kujua kilichotokea baadaye.

Kozi inayotumia siku zake nyingi kwenye majina ya dawa na namna ya kujaza cheti cha dawa inafundisha sehemu rahisi. Muuguzi mwenye miaka kadhaa wodini anazijua dawa nyingi kwa jina, rangi na dozi. Asichozoea ni kusimama peke yake nyuma ya uamuzi, na hicho ndicho kinachopaswa kula muda wa mafunzo.

Je, ni salama kweli?

Ndiyo, pale mafunzo na mipaka vinapokuwepo. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalikusanya tafiti 46 zilizowalinganisha wauguzi na wafamasia wanaoandika dawa na madaktari. Kwa shinikizo la damu, kisukari na lehemu, matokeo ya wagonjwa yalilingana au yalikaribiana sana. Lakini tafiti nyingi kati ya hizo zilifanywa katika nchi zenye kipato kikubwa, kwa wagonjwa wa magonjwa sugu, na waandikaji walikuwa na mwongozo mkononi na mtu wa kumuuliza. Si haki kuyatumia matokeo hayo kama kibali cha kumwacha muuguzi peke yake na kila ugonjwa.

Nchi zilizofanikiwa zilianza na eneo dogo lililotajwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1992, ikaanza majaribio mwaka 1994 kwa orodha fupi, na ikachukua hadi 2006 kuwafungulia wauguzi waliofuzu karibu dawa zote zilizo ndani ya umahiri wao. Uganda mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa (ya kuwatuliza wagonjwa wa magonjwa mazito) kuandika morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu. Afrika Kusini, kuanzia 2010, iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaanzishia wagonjwa ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Kuna jambo jingine la kupima upande wa pili wa mizani. Mahali pengi muuguzi anaandika dawa tayari: usiku daktari hayupo, muuguzi anaamua, asubuhi daktari anakuja kusaini. Utaratibu huo ni hatari kuliko ruhusa rasmi, kwa sababu aliyeamua hakufundishwa kuamua, jina lake halionekani kwenye jalada, na kosa likitokea hakuna wa kujifunza kutokana nalo.

Ruhusa ya kuandika huja kwa namna gani?

Kwa upana ziko namna tatu, na kozi lazima iseme tangu siku ya kwanza inafundisha ipi.

Ya kwanza ni agizo la kudumu: kundi la wagonjwa limeelezwa mapema, na kila anayeingia kwenye kundi hilo anapewa dawa fulani. Oksitosini, dawa ya kuzuia kutokwa damu, kwa kila mama baada ya kujifungua ni mfano mzuri. Hapa uamuzi wa muuguzi ni mmoja tu, kama mgonjwa anaingia kwenye kundi au la. Ya pili ni kuandika kwa kufuata mpango wa mgonjwa mmoja mmoja: daktari ametambua ugonjwa, na muuguzi anaendeleza, anapandisha au kushusha dozi ndani ya mipaka iliyoandikwa. Ya tatu ni kuandika kwa kujitegemea, ambapo muuguzi au mkunga anatambua tatizo na kuchagua tiba mwenyewe, ama kutoka kwenye orodha maalumu, ama kutoka kwenye dawa zote zilizo ndani ya umahiri wake.

Matatizo huanza mtu akifundishwa namna ya kwanza na kupangiwa kazi ya namna ya tatu.

Nani aingizwe kwenye kozi?

Mwenye leseni hai, anayefanya kazi sasa hivi katika eneo atakaloandikia. Uingereza inataka mwombaji awe amekaa kwenye daftari la usajili angalau mwaka 1; kabla ya viwango vya 2018 ilikuwa miaka 3. Muda peke yake hautoshi, hata hivyo. Mpime mwombaji kabla ya kumpokea: mpe mgonjwa mmoja asikilize historia yake na kumpima mwili mbele yako, kisha mpe hesabu kumi za dozi. Asiyejua kusikiliza kifua cha mtoto hataokolewa na somo la antibayotiki, na ni afadhali apelekwe kwanza kwenye mafunzo ya upimaji wa mgonjwa.

Uliza pia swali ambalo waajiri hulisahau: akihitimu, ataandika wapi, kwa wagonjwa gani, na nani atakuwa wa kumuuliza? Mhitimu anayerudi kwenye kituo kisicho na nafasi hiyo hupoteza ujuzi upesi, na gharama ya kumsomesha inapotea naye.

Mafunzo yachukue muda gani?

Kozi ya Uingereza ya kuandika kwa kujitegemea kwa muda mrefu imekuwa na siku 26 za masomo na siku 12 za vitendo chini ya msimamizi, zikitandazwa kwa miezi kadhaa mwanafunzi akiwa kazini. Kutandaza huko ndiko kuna faida kubwa kuliko idadi yenyewe. Mtu aliyejazwa famakolojia, yaani elimu ya dawa na mwili, ndani ya wiki tano mfululizo hufaulu mtihani na kusahau. Aliyejifunza kuhusu figo Jumatatu na kukutana na mgonjwa wa figo Alhamisi hasahau.

Kwa eneo finyu, kama vile mkunga atakayeandika dawa chache za dharura za uzazi, kozi inaweza kuwa fupi zaidi. Lakini sehemu ya vitendo isikatwe. Bajeti ikipungua, punguza mihadhara.

Famakolojia ifundishwe vipi bila kuwazamisha wanafunzi?

Anza na mwili, dawa zifuate. Maswali manne yanatosha kujenga msingi: dawa inaingiaje, inakwenda wapi, inabadilishwa wapi, inatokaje. Kila swali lipewe mgonjwa wake. Mzee ambaye figo zake zinafanya kazi nusu: dawa gani zitarundikana? Mtoto mchanga ambaye ini lake halijakomaa. Mjamzito ambaye damu yake imeongezeka ujazo na figo zake zinachuja haraka kuliko kawaida. Mtu anayekunywa dawa za kifua kikuu, ambapo rifampisini inaharakisha ini kuvunja dawa nyingine, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango.

Baada ya msingi huo, kila mwanafunzi ajenge orodha yake binafsi. Njia hii ilienezwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1994 kuhusu uandikaji bora wa dawa, na haijapitwa na wakati. Kwa kila tatizo atakalokutana nalo mara kwa mara, mwanafunzi analinganisha dawa zilizopo kwa vigezo vinne: zinafanya kazi kiasi gani, usalama, kumfaa mgonjwa, na gharama. Anachagua moja ya kwanza na moja ya akiba, na anaandika kwa nini. Dawa 20 hadi 30 anazozijua kwa undani zinamsaidia mgonjwa kuliko 200 anazozijua kwa majina.

Hatua za kuandika dawa ni zipi?

Mwongozo huohuo una hatua sita: taja tatizo la mgonjwa, taja unachotaka dawa ifanye, hakiki kama dawa uliyozoea inamfaa mgonjwa huyu, andika, mweleze mgonjwa, na fuatilia, ukisimamisha ikibidi.

Wanafunzi huruka ya pili. Muulize mwanafunzi, "Unataka nini kitokee, na ndani ya siku ngapi?" na mara nyingi anajibu kwa kurudia jina la ugonjwa. Lengo ni kitu kinachopimika: homa ishuke ndani ya saa 48, shinikizo liwe chini ya 140/90 ndani ya miezi mitatu, mama alale bila maumivu. Bila lengo, hatua ya sita haina cha kufuatilia, na ndivyo dawa zinavyoendelea kwa miaka bila mtu kujua zilianza kwa sababu gani.

Hatua ya tatu nayo ina swali moja zito: je, kuna haja ya dawa hata kidogo? Mtoto mwenye mafua, anayenyonya vizuri na asiyepumua haraka, anahitaji mama yake aelezwe dalili za hatari na arudi lini. Mwanafunzi ajifunze kuyaandika maelezo hayo kwenye jalada kwa uzito uleule anaouweka kwenye cheti cha dawa.

Kwa nini hesabu zinadai asilimia 100?

Viwango vya Uingereza vinadai alama 80 kwa 100 kwenye famakolojia na 100 kwa 100 kwenye hesabu. Wengine huona ni ukali. Tazama mfano huu.

Mtoto mchanga ana kilo 3.2 na anahitaji jentamaisini miligramu 5 kwa kilo, mara moja kwa siku. 5 × 3.2 = miligramu 16. Dawa iliyopo ina miligramu 40 kwa kila mililita, kwa hiyo 16 ÷ 40 = mililita 0.4. Nukta ikiteleza, inakuwa mililita 4, yaani miligramu 160, mara kumi ya dozi, kwa figo na masikio ambayo ndiyo kwanza yameanza kazi.

Sasa ona namna ya kulinasa kosa hilo. Ampuli ya jentamaisini ya miligramu 80 ina mililita 2. Mililita 4 zingehitaji ampuli mbili kwa mtoto wa kilo tatu. Wafundishe wanafunzi kanuni hii: ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa mtoto mchanga, simama, rudia hesabu, mwite mwenzako naye apige hesabu bila kuona jibu lako. Kanuni ya namna hiyo hukaa kichwani hata saa tisa usiku, wakati fomula imeshasahaulika.

Hesabu tatu zinazoangusha wengi ni asilimia, uwiano na mikrogramu. Asilimia 1 ni miligramu 10 kwa mililita, hivyo lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita. Kwa kikomo cha miligramu 4 kwa kilo, mama wa kilo 50 haruhusiwi kuzidi miligramu 200, ambazo ni mililita 20 za asilimia 1 lakini 10 tu za asilimia 2. Adrenalini ya 1 kwa 1,000 ni miligramu 1 kwa mililita. Mikrogramu 1,000 ni miligramu 1. Zoezi liwe la kila asubuhi, maswali matano, tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho.

Cheti cha dawa kilichokamilika kina nini?

Jina kamili la mgonjwa, umri, na uzito kwa kila mtoto. Tarehe. Mzio wa dawa, au maneno "hana mzio unaojulikana". Nafasi tupu haimwambii mfamasia kama uliuliza. Jina la dawa lenyewe, si la kibiashara. Nguvu, umbo, dozi, njia, mara ngapi, siku ngapi, na jumla ya kutoa. Kisha jina lako linalosomeka, cheo, namba ya usajili na saini.

Mfano: mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia isiyo kali. Amoksilini miligramu 40 kwa kilo, mara mbili kwa siku, inatoa 480, na vidonge vya kuyeyusha vipo vya miligramu 250. Unaandika: amoksilini vidonge vya kuyeyusha miligramu 250, vidonge 2 kwa mdomo kila saa 12 kwa siku 5, jumla vidonge 20. Jumla hiyo ndiyo kinga ya mwisho. Mfamasia akiona 20 wakati maelekezo yanatoa 30, anajua kuna kitu hakijakaa sawa.

Mambo madogo ya mwandiko yanaua. Andika 0.5, kamwe si .5, kwa sababu nukta ikififia inabaki 5. Andika 5, kamwe si 5.0. Neno "yuniti" liandikwe lote, maana herufi U iliyobanwa karibu na namba husomeka kama sifuri, na insulini 4 ikawa 40. Mikrogramu nayo iandikwe kwa kirefu.

Halafu kuna saa. Kwenye chati ya wodi tumia saa 24: 08:00, 20:00. Kwa mgonjwa sema "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku". Ukimwandikia 8 kwenye bahasha, wapo watakaokunywa saa nane mchana.

Wakunga wana mambo gani ya pekee?

Mkunga anaandika kwa watu wawili, na mara nyingi hana dakika za kufungua kitabu. Kwa hiyo dawa za dharura lazima zikae kichwani, huku nyingine zikaguliwe kwa utulivu.

Kuzuia kutokwa damu baada ya kujifungua: oksitosini yuniti 10 kwenye msuli au mshipa. Dawa hiyo inataka kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Cheti kinaweza kuwa sahihi kabisa na mama akaendelea kutoka damu kwa sababu ampuli ilikaa wiki kadhaa kwenye trei yenye joto. Anayeandika anapaswa kujua friji ya kituo ina hali gani. Asidi ya traneksamiki kwa mama anayetoka damu ni gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Baada ya saa hizo faida haipo. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, inarudiwa mara moja.

Magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba inastahili siku nzima ya darasa. Dozi ya kuanzia katika utaratibu wa sindano za msuli ni gramu 4 kwenye mshipa polepole, kisha gramu 5 kila tako. Baada ya hapo gramu 5 kila saa 4 kwa kubadilisha tako, hadi saa 24 tangu kujifungua au degedege la mwisho, lipi limekuja baadaye. Dawa ya asilimia 50 ina gramu 1 katika mililita 2. Gramu 4 ni mililita 8, na hazipitishwi kwenye mshipa zikiwa hivyo: unaongeza mililita 12 za maji ya sindano zifike 20. Kila dozi inayofuata inaandikwa kwa masharti matatu: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linarusha mguu likigongwa, mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, dozi inasubiri. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi, gramu 1, yaani mililita 10 za asilimia 10, iwe imeshawekwa kando ya kitanda na imeshaandikwa kwenye chati kabla ya magnesiamu kuanza. Mwanafunzi anayeandika magnesiamu bila masharti hayo amefeli zoezi, hata kama gramu zake ni sahihi.

Kwa dawa za kawaida, zikaririwe zile za kukwepa: doksisaiklini na enalapri kwa mjamzito, ibuprofeni na jamii yake hasa mimba ikiwa kubwa, sodiamu valproeti, egometrini kwa mama mwenye shinikizo la juu, kodeini kwa anayenyonyesha. Lakini kukariri kusizidi mipaka. Wajawazito wengi wanaumizwa pia na dawa walizonyimwa. Mwenye pumu anayeambiwa aache kipulizio chake kwa sababu ana mimba anawekwa kwenye hatari kubwa kuliko kipulizio chenyewe.

Antibayotiki zifundishwe tofauti?

Zifundishwe kwa ukali zaidi, kwa sababu kosa la mwandikaji mmoja linabebwa na wagonjwa wengine. Tumia mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017: kundi la kutumika kwanza, kundi la kuangaliwa, na kundi la akiba. Muuguzi wa huduma ya msingi karibu kazi yake yote itaishia kundi la kwanza. Akijikuta anaandika seftriaksoni, ambayo ni ya kundi la kuangaliwa, kila siku, kuna tatizo la utambuzi, la maabara au la stoo, na litafutwe.

Mwanafunzi ajifunze pia kusema hapana. Mgonjwa anapodai sindano, maneno matatu husaidia kuliko mhadhara: nilichokikuta nilipokupima, kitakachokusaidia, na dalili itakayokurudisha hapa hata kama ni usiku. Mengi ya madai ya antibayotiki yanatokana na hofu ya kuachwa bila msaada. Zoezi hili lifanywe kwa kuigiza, mwalimu akiwa mgonjwa asiyekubali upesi.

Je, wafundishwe kuandika morfini?

Kama wanahudumia wagonjwa wa saratani au wa mwisho wa maisha, ndiyo, na kwa uangalifu wote. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanza na miligramu 5 za kunywa kila saa 4. Mzee dhaifu miligramu 2.5. Dawa ya kulainisha choo inaandikwa siku hiyohiyo. Dozi ya ziada kwa maumivu yanayochomoza huwa moja ya sita ya jumla ya siku. Figo zikiwa mbovu, morfini inarundikana, hivyo dozi inapungua au nafasi kati ya dozi inaongezeka.

Kosa la kuwa macho nalo ni kuandika mililita bila nguvu ya dawa. Mchanganyiko upo wa miligramu 5 kwa mililita 5, na upo wa miligramu 50 kwa mililita 5. "Mililita 5" za wa kwanza zinatuliza maumivu. Za wa pili zinaweza kumsimamisha mtu pumzi. Andika miligramu kila mara, kisha mililita, kisha nguvu.

Msimamizi wa vitendo awe nani na afanye nini?

Awe mtu anayeandika dawa kila wiki katika eneo hilohilo, daktari au muuguzi mzoefu, na aliyepewa muda rasmi wa kusimamia. Msimamizi aliyebandikwa jina tu ndiye sababu kubwa ya kozi kushindwa. Dalili yake ni daftari la mazoezi lililosainiwa lote siku moja, kwa kalamu moja.

Kazi yake kwa kila mgonjwa haizidi dakika kumi. Mwanafunzi anamwona mgonjwa, anatoka, anataja tatizo, lengo, dawa na sababu, na dawa aliyoikataa na sababu. Hilo la mwisho ndilo linaloonyesha kama anafikiri au anakariri. Msimamizi anauliza swali moja la kugeuza hali: "Je, angekuwa na mimba? Figo zingekuwa mbovu?" Kisha wanakubaliana, na mwenye mamlaka ndiye anayesaini. Mwanafunzi asisaini hadi asajiliwe.

Mtihani wa kumaliza uweje?

Karatasi ya famakolojia, karatasi ya hesabu, vituo vya vitendo vyenye wagonjwa wa kuigiza, na daftari la mazoezi. Weka angalau kituo kimoja ambacho jibu sahihi ni kutoandika kitu, na kingine ambacho jibu ni rufaa ya haraka. Usiwaonye mapema. Kosa ambalo lingemdhuru mgonjwa lifelishe kituo kizima, hata kama alama nyingine zimejaa.

Makosa gani hujitokeza mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu?

Kutambaa nje ya eneo ndilo la kwanza. Mhitimu wa kliniki ya kisukari anaombwa amwandikie mgonjwa dawa ya kifafa "kwa kuwa uko hapa". Jibu lake liwe limeandaliwa darasani.

Lingine ni kurudia cheti cha mwenzake bila kumpima mgonjwa upya. Saini yako ikikaa pale, uamuzi ni wako. Tena kuna dawa ya pili inayoandikwa kutibu maudhi ya ile ya kwanza: amlodipini inavimbisha miguu, mgonjwa anapewa furosemaidi, potasiamu inashuka. Kila dalili mpya iulizwe kwanza, je, imeanza baada ya dawa gani?

Na kuna kujiandikia mwenyewe, ndugu na wafanyakazi wenzako kwenye korido. Usifanye. Huna jalada, hujampima, na huwezi kumuuliza shemeji yako maswali yote unayopaswa kumuuliza mgonjwa.

Madaktari au wafamasia wakipinga?

Wasikilize kwanza, kwa kuwa hoja zao mara nyingi ni za kweli: nani anawajibika, nani atamwona mgonjwa mgumu, mafunzo yalikuwa na uzito gani. Waalike waandike maswali ya mtihani na wakae kwenye vituo vya vitendo. Mfamasia hasa anapaswa kuwa mwalimu tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye anayeona makosa ya kila mtu. Mahali ambapo muuguzi anaandika na kutoa dawa mwenyewe, jicho hilo la pili halipo, hivyo kituo kiweke mtu mwingine wa kuhakiki kabla dawa haijamfikia mgonjwa.

Nikigundua nimeandika vibaya nifanye nini?

Mwendee mgonjwa kwanza, au mpigie simu. Simamisha dawa, mpime, toa matibabu yanayohitajika, mjulishe daktari aliye zamu. Mweleze mgonjwa ukweli kwa lugha anayoielewa. Futa kwa mstari mmoja unaosomeka, weka saini na saa. Usifute kwa wino mweupe wala kuchana karatasi. Kisha jaza taarifa ya tukio, hata kama hakuna aliyeumia. Mwajiri anayemwadhibu kila anayeripoti atabaki bila ripoti huku makosa yakiendelea.

Baada ya kusajiliwa, ufuatiliaji ufanyweje?

Kila miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, vuta vyeti 30 vya mwandikaji bila kuchagua. Hesabu mambo matano yaliyomo kwenye viashiria vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1993: wastani wa dawa kwa kila mgonjwa, asilimia zilizoandikwa kwa jina lisilo la kibiashara, asilimia ya wagonjwa waliopata antibayotiki, waliopata sindano, na dawa zilizomo kwenye orodha ya dawa muhimu. Kazi hiyo inachukua mchana mmoja. Kisha chukua vyeti vitano kati ya hivyo, fungua majalada, na mkae na mwandikaji mkiuliza kwa kila kimoja: tatizo limeandikwa? Lengo je? Nani alijua mgonjwa aliendeleaje? Namba zinaonyesha mahali pa kuchimba, na majalada ndiyo yanayoonyesha sababu.

Eneo la kuandika lipitiwe kila mwaka. Dawa ambayo mtu hajaiandika kwa mwaka mzima itolewe kwenye orodha yake hadi apitishwe upya na msimamizi, na akihamia idara nyingine asiandike dawa za huko kabla ya kukaa tena chini ya uangalizi.